Lodwar hadi Nairobi kwa ndege: Panga hivi usipoteze siku wala pesa

Ukikosa ndege ya Mombasa kwenda Nairobi, unatafuta kikombe cha chai na kusubiri inayofuata. Ukikosa ya Lodwar, inayofuata huenda ikawa ya kesho. Na ya kesho ikiwa imejaa, basi ni keshokutwa.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msafiri wa Turkana anafaa kulijua kabla hajatoa simu kulipia tiketi. Safari yenyewe ni fupi. Kinachowaumiza watu ni mipango: saa iliyosomwa vibaya, kwenda uwanja usio sahihi, mzigo uliozidi kilo, au miadi ya hospitali iliyowekwa siku ile ile ya kusafiri.

Kwa haraka

- Umbali wa angani ni takriban kilomita 500. Ndege ya abiria ya kawaida huchukua kama saa moja na nusu, ndege ndogo huchukua zaidi.
- Kwa barabara ni karibu kilomita 700, kupitia Kitale, Eldoret na Nakuru.
- Alama za viwanja kwenye tiketi: LOK ni Lodwar, WIL ni Wilson, NBO ni Jomo Kenyatta (JKIA).
- Ndege za Lodwar ni chache kwa siku. Acha siku moja ya akiba kabla ya jambo usiloweza kulikosa.
- Soma saa ya tiketi mara mbili. Tiketi haiandikwi kwa saa ya Kiswahili.

Kwa nini watu wanapanda ndege

Lodwar ni makao makuu ya Kaunti ya Turkana, mji ulio kwenye nchi kavu ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima na mvua ni ya kuhesabu. Umbali wake kutoka Nairobi si jambo geni. Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilimhamishia Jomo Kenyatta Lodwar kutoka gereza la Lokitaung, na akawekwa kizuizini hapo hadi 1961. Mahali penyewe palichaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu.

Leo barabara ya kutoka Kapenguria kupitia Lokichar imekarabatiwa kwa sehemu kubwa na saa zimepungua. Bado basi la kwenda Nairobi ni safari ya usiku kucha na zaidi. Tena upande wa Kainuk hadi Lokichar, mpakani na Pokot Magharibi, umekuwa na visa vya ujambazi kwa miaka mingi. Turkana ni moja ya kaunti sita zilizoingizwa kwenye operesheni ya usalama iliyoanza Februari 2023.

Kwa hiyo anayepanda ndege si tajiri tu. Kuna mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti cha basi saa kumi na tano, mwanafunzi anayewahi kufungua chuo, mfanyabiashara, mfanyakazi wa shirika, na mtu aliyefiwa.

Anza na siku ya shughuli, rudi nyuma

Wengi hufungua simu na kutafuta siku yenye nauli nafuu. Anza upande wa pili. Jiulize: ni jambo gani linanipeleka Nairobi, na ni siku gani siwezi kulikosa?

Tuseme unaishi Kanamkemer na mtoto wako ana kliniki Nairobi Alhamisi saa mbili asubuhi. Ukikata tiketi ya Jumatano, unategemea kila kitu kiende sawa. Siku hiyo ndege ikiharibika au mvua ikifunga uwanja, kliniki imepita, na miadi mingine huenda ikawa baada ya miezi. Ukikata ya Jumanne, una Jumatano yote kama akiba. Kulala kwa jamaa usiku mmoja zaidi ni gharama ndogo ukilinganisha na kurudi nyumbani mtoto hajaonwa.

Hesabu hiyo ni ya lazima zaidi kwa anayeunganisha na ndege ya nje, kwa mfano anayeenda kazini Dubai au Muscat. Ikiwa tiketi ya Lodwar na ile ya nje umezinunua mbali mbali, kampuni ya pili haina deni nawe ukichelewa kwa sababu ya ile ya kwanza. Fika Nairobi siku moja kabla.

Na kurudi? Kama unaenda hospitali na hujui utatoka lini, usikimbilie tiketi ya kwenda na kurudi ya bei ya chini kabisa. Mara nyingi hiyo ndiyo isiyobadilishwa tarehe. Uliza kwanza: kubadilisha siku ni pesa ngapi? Jibu hilo linaweza kufanya tiketi iliyoonekana ghali iwe nafuu.

Wilson au JKIA?

Hapa ndipo watu hupotezea ndege wakiwa tayari Nairobi. Jiji lina viwanja viwili vya abiria na ndege za ndani hutumia vyote viwili. Wilson uko barabara ya Lang'ata, karibu na katikati ya jiji. JKIA uko Embakasi, upande wa barabara ya Mombasa. Kutoka kimoja hadi kingine wakati wa msongamano unaweza kumaliza saa nzima au zaidi.

Usitegemee mazoea ya safari iliyopita. Skyward Express ni miongoni mwa kampuni ambazo zimekuwa zikihudumia Lodwar, lakini ratiba na viwanja hubadilika kwa msimu. Angalia alama kwenye tiketi yako: WIL au NBO. Kisha mtumie anayekuja kukupokea picha ya tiketi, usimwambie tu "nakuja airport".

Kama unaelekea Hospitali Kuu ya Kenyatta, Wilson ni karibu zaidi. Kama unaunganisha na ndege ya nje, tafuta inayotua JKIA moja kwa moja.

Saa ya tiketi si saa ya Kiswahili

Tiketi huandikwa kwa saa 24 kuanzia usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia macheo. Ukiona 07:00 ukadhani ni saa saba mchana, ndege imeondoka saa sita kabla hujafika.

- 07:00 ni saa moja asubuhi
- 09:15 ni saa tatu na robo asubuhi
- 10:40 ni saa nne na dakika arobaini asubuhi
- 12:30 ni saa sita na nusu mchana
- 14:00 ni saa nane mchana
- 16:45 ni saa kumi na dakika arobaini na tano jioni

Ukimkatia tiketi mzazi aliye kijijini, mwambie saa kwa Kiswahili, kisha akurudishie kwa mdomo wake. Mwambie pia saa ya kufika uwanjani, sio ya kuondoka tu. Fika dakika 90 kabla. Kaunta nyingi za ndege za ndani hufungwa kati ya dakika 30 na 45 kabla ya kuruka, na ikifungwa imefungwa, hata kama unaiona ndege pale nje.

Kulipa bila kuibiwa

Nauli hupanda viti vinavyoisha. Inakuwa juu zaidi shule zinapofungwa, Desemba, na wakati kuna mikutano mikubwa ya kaunti. Ukijua tarehe mapema, nunua mapema.

Kabla ya kusema ndege ni ghali, piga hesabu kamili ya basi: nauli, chakula njiani, malazi ukilala Kitale au Eldoret, na siku za kazi utakazopoteza kwenda na kurudi. Kwa wengine basi bado ni nafuu sana. Kwa mfanyabiashara anayefunga duka siku nne, pengo huwa dogo kuliko anavyofikiri.

Unapolipa kwa M-Pesa:

- Chukua nambari ya malipo kutoka kwenye tovuti ya kampuni au ofisini kwao, usichukue kwenye kurasa za mitandao ya kijamii.
- Soma jina linalotokea kabla hujaweka nambari ya siri. Likiwa jina la mtu binafsi, simama hapo hapo.
- Lipa ndani ya muda uliopewa. Nafasi isiyolipiwa hufutwa.
- Ukipata nambari ya uhifadhi, ingia kwenye tovuti ya kampuni uitafute mwenyewe. Picha ya tiketi pekee haitoshi, maana ni rahisi kuitengeneza kwa simu.

Jina nalo liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ekai na Ekal ni majina mawili, na mhudumu wa kaunta hajui ukoo wenu. Kosa la herufi moja lirekebishwe siku hiyo hiyo, sio asubuhi ya safari.

Mzigo: pima nyumbani

Ndege ndogo zinazoruka kutoka Wilson mara nyingi hutoa kilo 15 kwa abiria, na nyingine huhesabu hata begi la mkononi humo. Ndege kubwa kidogo hutoa zaidi. Kiwango chako kiko kwenye tiketi. Tumia begi laini, kwa sababu sanduku gumu halikunjiki kuingia kwenye tumbo la ndege ndogo.

Mambo ambayo huwasumbua wasafiri wa njia hii:

*Samaki wa ziwani.* Ngege na mbuta waliokaushwa wa Ziwa Turkana ni zawadi ya heshima Nairobi. Uliza kampuni kwanza, maana harufu inaweza kukufanya ukataliwe. Wakikubali, funga kwa karatasi nyingi ndani ya chombo chenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017.

*Kisu cha mkononi.* Kile kisu cha duara cha Kiturkana kinachovaliwa kama bangili ni urithi, lakini kwenye ukaguzi ni silaha. Kiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa kaunta na umweleze mhudumu. Ekicholong, kigoda cha mzee, ni mbao tu. Ila mwambie mzee kwamba kitapitishwa kwenye mashine kama begi.

*Betri.* Pawabenki hukaa begi la mkononi, kamwe sio kwenye mzigo wa chini. Ikishika moto ndani ya chumba cha mizigo hakuna wa kuizima.

*Dawa na hati.* Dawa, barua ya rufaa, picha za eksirei na majibu ya maabara usiviache mbali nawe. Mzigo unaweza kuachwa ukaletwa na ndege ya kesho. Daktari hawezi kusubiri begi.

Joto na uzito: kwa nini unaambiwa upunguze

Hewa ya moto ni nyepesi. Mabawa hupata mshiko mdogo na injini hupumua hewa kidogo, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa na uwanja mrefu zaidi ili kuruka na uzito ule ule. Lodwar iko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, lakini mchana joto lake ni kali. Nairobi ina baridi kiasi, lakini Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu, ambako hewa tayari ni nyepesi. Kila upande una tatizo lake.

Ndiyo maana siku nyingine rubani huamua kuacha mizigo nyuma ingawa viti havijajaa. Mhudumu hakuonei, hiyo ni hesabu ya usalama.

Joto pia huinua hewa kutoka ardhini na ndege hutikisika, hasa kuanzia adhuhuri. Kama una tumbo jepesi, una mtoto mchanga au unamsindikiza mgonjwa, chagua ndege ya asubuhi. Kuna faida nyingine: ikichelewa saa tatu, siku bado ipo.

Upepo nao una historia yake hapa. Hupita kwa nguvu kwenye pengo kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, na ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme upande wa pili wa ziwa, karibu na Loiyangalani. Huku Lodwar huinua vumbi, na vumbi likiwa zito rubani haoni uwanja vizuri.

Mvua ikinyesha, hata kama ni ya siku mbili, angalia barabara ya kufika uwanjani kabla ya kuangalia anga. Lugga kama Kawalase hujaa ghafla na kukata njia. Ukitoka nje ya mji msimu wa Machi hadi Mei, lala mjini usiku wa kuamkia safari.

Hati za kubeba

Mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi. Mtoto aende na cheti cha kuzaliwa. Aliye chini ya miaka miwili kwa kawaida hupakatwa na hulipiwa kidogo, lakini lazima jina lake liwe kwenye tiketi. Ukisafiri na mtoto asiye wako, omba barua ya wazazi.

Wanaotoka Kakuma na Kalobeyei wana hatua moja zaidi. Kakuma iko kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na humo wanaishi watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko. Mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri kutoka kwa idara ya serikali inayohudumia wakimbizi kabla ya kutoka eneo la kambi. Kibali kina tarehe. Pata kibali kwanza, ndipo ukate tiketi, na tarehe za kurudi ziwe ndani ya muda ulioandikwa. Wapo waliolipa kwanza, kibali kikachelewa, na nauli ikapotea.

Mgonjwa na mjamzito

Ndani ya ndege iliyo angani oksijeni ni pungufu kuliko ardhini. Mtu mwenye afya hahisi kitu. Mwenye nimonia, upungufu mkubwa wa damu, tatizo la moyo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni anaweza kuzidiwa. Muulize daktari wa Lodwar swali hili wazi: "Anaweza kupanda ndege?" Akikubali, aandike barua.

Kampuni nyingi hudai barua ya daktari kwa mjamzito kuanzia takriban wiki ya 28, na karibu na kujifungua hukataa kabisa. Anayehitaji kiti cha magurudumu aombwe wakati wa kukata tiketi. Kwa anayehitaji machela au oksijeni, ndege ya kawaida mara nyingi haifai. Hapo hospitali ndiyo izungumze na huduma za ndege za wagonjwa, kama AMREF Flying Doctors walio na makao Wilson.

Ndege ikiahirishwa

Usiondoke kaunta kwa hasira. Fanya haya kwa mpangilio:

1. Omba kuandikwa kwenye ndege inayofuata kabla foleni haijawa ndefu.
2. Uliza kama unarudishiwa pesa ukiamua kutosafiri. Jibu liwe kwa ujumbe au barua pepe.
3. Piga simu kule unakokwenda: hospitali, chuo au mwajiri. Miadi hubadilishwa kwa urahisi kabla haijapita.
4. Kama haraka ni kubwa, pima njia ya kati: gari hadi Eldoret, kisha ndege ya Nairobi. Eldoret ina ndege nyingi zaidi kwa siku. Ni siku nzima barabarani, kwa hiyo anza asubuhi, usianze jioni.

Malalamiko yasiyosikilizwa na kampuni hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA). Tunza tiketi, risiti ya M-Pesa na ujumbe wote uliotumiwa.

Ukitua

Nairobi itakupokea kwa baridi. Julai usiku joto linaweza kushuka karibu na nyuzi 10, na aliyetoka Lodwar na shati jepesi atatetemeka kabla hajatoka uwanjani. Sweta ikae begi la mkononi, na ya mtoto pia.

Anayekwenda Lodwar abebe maji, kofia na pesa taslimu kidogo za boda. Uwanja uko karibu na mji. Kama unaendelea Kalokol, Eliye Springs au Kakuma, panga gari mapema ili usifike usiku.

Jioni kabla ya safari, angalia haya sita

1. Uwanja: WIL, NBO au LOK?
2. Saa ya kuondoka, na saa ya kufika uwanjani, kwa Kiswahili.
3. Kitambulisho halisi, cheti cha mtoto, kibali au barua ya daktari.
4. Mzigo umepimwa. Pawabenki na dawa ziko mkononi.
5. Simu ina chaji, na picha ya tiketi imehifadhiwa hata bila intaneti.
6. Ujumbe wa kampuni: je, ratiba imebadilika leo?

Ukimaliza hayo, lala mapema. Na kama kesho ndege itachelewa, una siku yako ya akiba.